Kahawa Kwenye Jeraha

Miaka ya themanini nilikuwa muuguzi mpya kwenye zahanati moja ya Changamwe, na ujuaji mwingi. Siku moja mama mmoja alimleta mumewe, aliyekatwa paja na bati kazini. Mama alikuwa amelishindilia jeraha kahawa ya unga, na damu ilikuwa imeganda. Nikamkaripia mbele ya watu: uchafu gani huu? Nikaiosha kahawa yote. Damu ikaanza tena kububujika, na dawa ya kuigandisha hatukuwa nayo. Nikakandamiza kwa vitambaa mpaka mikono ikafa ganzi.

Mama akafungua pindo la leso. "Imebaki kidogo, mwanangu."

Nikausukuma mkono wake. Kiburi tu, wallahi.

Mumewe alikufa kabla gari la wagonjwa halijafika, jeraha lake likiwa safi kabisa.