Chuo cha Karibu na Baba

Tangu kiharusi kimwangushe mnadani katikati ya ng'ombe wake, Mzee Khalidi wa Chemba hakuweza tena kuinua mkono wa kulia. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Aliyebaki wa kumlisha na kumtoa nje asubuhi aote jua alikuwa Zaitun, binti yake wa pekee.

Kwa hiyo matokeo ya kidato cha sita yalipotoka mazuri, Zaitun alifurahi huku akijiuliza baba atabaki na nani. Vyuo viwili vilimchagua. Morogoro walimpa udaktari wa mifugo, kitu alichokitamani tangu alipokuwa akimsaidia baba yake kushika ndama wakichanjwa. Dodoma walimpa ualimu wa sayansi.

"Nenda Morogoro," baba alisema, maneno yakimtoka kwa shida. "Siku hizi kuna treni ya umeme. Utakuja."

Zaitun alikaa na shangazi yake, Mwanaidi, wakaipima hiyo safari. Shangazi alikubali kumwangalia kaka yake katikati ya wiki, lakini Jumamosi na Jumapili huzunguka minadani kuuza chai na chapati, ndiko iliko riziki yake. Treni ingemfikisha Zaitun Dodoma Ijumaa jioni, mabasi ya Chemba yameshaondoka. Angelala mjini, afike nyumbani Jumamosi mchana, na Jumapili asubuhi ageuze. Akisoma Dodoma, angetoka darasani Ijumaa mchana na jua lisingezama kabla hajamkorogea baba uji.

Akathibitisha Dodoma kwa simu, kimyakimya.

Mzee alijua siku iliyofuata. Jioni akamwita. "Umeacha udaktari wa ng'ombe kwa ajili yangu?"

"Nimechagua pa karibu tu, baba."

Akageuzia uso ukutani, lakini mkono wake mzima uliushika wa binti yake na haukuuachia.

Zaitun alipanga chumba Miyuji, kando ya barabara iendayo Chemba, ili asipoteze muda kurudi stendi. Akanunua godoro na ndoo. Chuo kilipokaribia kufunguliwa, Mzee Khalidi akapata kiharusi cha pili, akafariki kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana.

Matanga yalipoanuliwa, Zaitun alipiga simu Morogoro.

"Pole sana, mwanangu," alijibu mama mmoja kwa huruma. "Nafasi yako ameshapewa mwingine. Jaribu mwakani."

Mwakani! Angeungoja mwaka mzima na nani, ndani ya nyumba ile? Akabeba begi, akaenda Dodoma.

Ijumaa ya kwanza, vipindi vilipokwisha, alijikuta yuko ndani ya basi. Alifika jua bado liko juu, vilevile alivyokuwa amepanga. Mlango ulikuwa na kufuli. Shangazi alishaondoka kuwahi mnada wa kesho. Zaitun akaketi kizingitini, na simu ikaita.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Niko nyumbani, shangazi."

Mwanaidi akauliza taratibu, "Umemfuata nani?"

Zaitun akafungua kinywa, kilio kikamtangulia.

Sasa yuko mwaka wa tatu. Mafunzo ya kufundisha aliyafanyia Chamwino, na wanafunzi walimpenda. Siku hizi hasafiri ovyo. Ijumaa akitoka chuo hufua nguo mpaka basi la mwisho la Chemba lipite na giza liingie, hata zilizo safi.