Filemon na Wazee Wasio na Tarehe

Filemon, mwana wa Eliezeri, ni jirani yetu. Kihamba chao, yaani shamba lao la migomba, na chetu vinatenganishwa na mfereji tu. Alipoenda kusomea kompyuta Dar es Salaam tulidhani hatarudi. Mwaka 1998 akarudi, akapanga chumba Bomang'ombe, akaanza kutengeneza programu. Watu wakamcheka: "Miaka mitatu ya ada, ametuletea televisheni ya kuonyesha herufi."

Kazi yake ya kwanza aliufanyia usharika wetu bure, kuhamisha majina kutoka daftari kuukuu. Mchungaji akatangaza kwamba baada ya Pasaka daftari litafungwa, na asiyekuwemo kwenye orodha mpya hatahesabiwa msharika. Sote tulielewa. Asiye msharika hazikwi na kanisa.

Mama yangu, Elifuraha, alikuwa ameshazeeka sana. Nilimshika mkono tukateremka hadi ofisi ya usharika. Filemon akamwamkia, akaandika jina na siku ya ubatizo, kisha akauliza tarehe ya kuzaliwa.

"Nani angeiandika, mwanangu?" mama akasema. "Najua nilikuwa nabebwa mgongoni Wajerumani walipoondoka Moshi. Basi."

Filemon akairuka nafasi ile. Mashine ikakataa kuhifadhi. Akarudia, ikakataa.

"Weka tarehe moja Januari 1915, twende," katibu wa usharika akasema. "Wazee wote wawekee hiyo."

Mama akaushika mkono wa Filemon. "Hapana. Sitaki kuzikwa na kanisa kwa uongo. Kama humo hamna nafasi yangu, niache nje."

Namjua mama, hakuwa anatania.

Filemon akamgeukia. "Bibi, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeiambia isikubali nafasi tupu. Niliijaribu kwa majina ya wenzangu wa kwaya, na sisi wote tuna vyeti."

"Basi iambie vingine. Au haisikii la wakubwa?"

"Inasikia, bibi. Ila ni mbishi."

Alishinda pale ofisini siku tatu, mimi nikimpelekea mtori wa ndizi na nyama. Akaongeza sehemu mbili: moja ya mwaka wa kukadiria, nyingine ya maneno ya mzee mwenyewe. Halafu akapanda mlimani, nyumba kwa nyumba, kuwauliza wazee wengine waliokwama. Walikuwa thelathini na wanne. Siku hizi ana wateja mpaka Sanya Juu, na nikisikia watu wanaziogopa kompyuta huwa nawaambia waangalie kwanza nani ameketi mbele yazo. Sisi Mungu alitupa Filemon, nami nashukuru.

Jumapili ya Matawi orodha ikabandikwa kwenye mlango wa kanisa. Mama hakujua kusoma, nikamsomea mstari wake, pamoja na maneno yake yale ya Wajerumani kuondoka Moshi.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Niitie huyo kijana."

Filemon akaja na suruali yake ya ofisi, akapiga magoti vumbini. Mama akamwekea mkono kichwani, akamwombea kwa Kichagga, polepole, watu wakitupita kuingia ibadani.