Siku Tisa za Kusikilizwa

Katika chumba cha pasi cha kiwanda cha kufulia, shuka iliyopita mikononi mwa Mama Mnyoofu haikuwa na ubishi. Ilitoka kwenye rola imenyooka kama karatasi, pembe juu ya pembe, na ndiyo maana wenzake walimbandika jina hilo hata likalimeza lile alilopewa na wazazi. Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama mbele ya mashine ileile: rola mbili ndefu za chuma, zenye moto wa kuivisha nyama, zilizomeza shuka mbichi upande huu na kuitema kavu upande wa pili. Asubuhi shuka za hospitali, mchana za hoteli. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye mikono ya mpiga makasia na sauti isiyohitaji kupazwa. Hakujulikana kwa ugomvi. Alisema jambo mara moja, likaeleweka, akarudi kwenye shuka zake.

Kisha akaja Meneja mpya. Mtu wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, msalimiaji, wala hakuwa mtu wa matusi. Wiki yake ya kwanza alitundika ofisini bango kubwa la kalenda, lakini si kalenda ya kawaida. Kila siku ilichorwa mwezi ulivyo: mwembamba, nusu, mpevu, na zile siku ambazo hauonekani kabisa. Alikuwa amejifunza unajimu kwenye simu, na ulikuwa umemwingia hadi kwenye uboho.

Aliwakusanya wapiga pasi wote kumi na watatu, akawaeleza. "Mwezi unavuta bahari nzima, maji yanajaa na kupwa. Sembuse binadamu, ambaye mwili wake sehemu kubwa ni maji? Mwezi ukiwa mpevu, hisia hufurika. Usingizi unapaa, machozi yako karibu, ugomvi uko karibu zaidi. Mwezi mchanga, moyo unanywea, mtu anaona giza hata palipo na taa. Anayejua nyota yake anajua siku za kusema na siku za kunyamaza."

Watu walifurahia. Ilikuwa bora kuliko hotuba za kuchelewa kazini. Mwanamke mmoja, aliyesimama jirani na Mama Mnyoofu na ambaye wote walimwita Kicheko, akauliza yeye ana nyota gani. Meneja akatazama faili lake.

"Mizani. Nyota ya haki na urembo."

"Urembo nimeshauona," Kicheko akasema. "Haki ndiyo naisubiri."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama Mnyoofu aliambiwa ana nyota ya Kaa. "Kaa ni mtoto wa mwezi mwenyewe," Meneja akamwambia kwa upole. "Hisia zako, Mama, zinapanda na kushuka pamoja nao." Mama Mnyoofu akaitikia, "Haya," akaona ni mchezo usio na madhara. Mtu mzima ana haki ya kuamini anachotaka, mradi asimwage maji kwa jirani.

Sasa, mbele ya rola za mashine zile kuna bamba jembamba la chuma, ambalo wafanyakazi huliita kinga. Mkono ukivutwa kuelekea kwenye moto, unaligusa bamba hilo kwanza, na mashine inasimama papo hapo. Mama Mnyoofu alikuwa na desturi ya kuisukuma kinga kwa kiwiko kila asubuhi kabla ya kuanza. Jumanne moja akaisukuma, rola zikaendelea kuzunguka. Akaisukuma tena. Zikazunguka kama hazijasikia. Akaenda ukutani, hatua sita, akazima swichi kubwa, akapanda ngazi hadi ofisini.

"Bosi, kinga haishiki. Mashine haisimami."

Meneja aliinua macho. Hakumtazama yeye kwanza, alitazama bango.

"Mama, unajua leo ni siku gani?"

"Jumanne."

"Ni siku moja kabla ya mwezi mpevu. Nami nimekuona ulivyoingia. Unahema."

"Nimepanda ngazi."

"Mambo mazito hatuyaamui mwezi ukijaa," akasema, akitabasamu kama daktari wa watoto. "Hasira za mkizi, Mama, furaha ya mvuvi. Tulia kwanza. Tutaongea."

"Sina hasira, Bosi. Nina mashine mbovu."

"Unaona? Sauti imepanda."

Haikuwa imepanda. Ila baada ya kuambiwa hivyo ilipanda kweli, naye Meneja akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyetabiri mvua ikanyesha. Mama Mnyoofu alishuka ngazi akiwa amefura. Katika maisha yake alishaitwa mkaidi, alishaitwa mjane asiyejua nafasi yake, na yote aliyajibu. Lakini utamjibu nini mtu anayeyachukua maneno yako na kumkabidhi mwezi?

Alihamia mashine nyingine, akawaonya wenzake. Lakini kazi ilikuwa nyingi, na Meneja akaagiza mashine zote ziwashwe. Wakaanza kupeana zamu kwenye ile mbovu, kila mmoja akifanya kazi kwa mikono iliyokaa mbali, kama anayelisha mbwa asiyemjua.

Wiki mbili baadaye akapanda ngazi tena. Safari hii alipumzika mlangoni mpaka pumzi ikatulia, ndipo akaingia. Akasema yaleyale, kwa sauti ya chini.

Meneja akalitazama bango. "Leo ndiyo mwezi mchanga, Mama. Watu wa maji, kama ninyi Kaa, huu ndio wakati wao wa hofu. Unaona ajali ambazo hazipo."

"Mwezi ukijaa nina hasira. Ukiisha nina hofu. Sasa mimi akili ninakuwa nayo lini?"

"Ndiyo maana nakwambia ujitambue," akajibu. Hakuona kwamba ametukana.

Jumapili yake Mama Mnyoofu alikwenda kwa mdogo wake, msusi mwenye chumba kimoja cha saluni na viti viwili. Alikwenda shingo upande, maana huyu naye alikuwa mtu wa mwezi. Alikuwa na daftari. Kila mwezi mchanga aliandika analolitaka, na kila mwezi mpevu aliandika atakaloliacha liende. Mimba yake ilipoharibika miaka ya nyuma, mwezi mpevu ndio uliokuwa siku yake ya kulia. Siku nyingine zote alisuka watu na kuwasikiliza. Mama Mnyoofu hakuwahi kulicheka daftari lile.

Akamsimulia yote. Alitegemea mdogo wake amtetee Meneja walau kidogo. Badala yake mikono ya msusi ilisimama kichwani mwa dada yake.

"Amekwambia nini?"

"Kwamba ni hofu za mwezi mchanga."

"Haki ya nani! Dada, mimi mwezi najitazamia mwenyewe, kama kioo. Siku nikimshikia mwenzangu hicho kioo ili nimzibe mdomo, niite mchawi." Akachukua kitana, akaendelea kuchana kwa nguvu isiyo ya lazima. "Na hiyo nyota ya Kaa umeitoa wapi wewe?"

"Kwenye faili. Tarehe mosi mwezi wa saba."

"Si ile aliyobuni karani wa shule? Mama alisema ulizaliwa mvua zikinyesha, mwaka wenyewe hakuwa na uhakika nao!"

Walicheka mpaka kitana kikaanguka. Kweli, karani aliuliza tarehe, mama yao akanyanyua mabega, karani akaandika ya kwanza iliyomjia. Nusu ya darasa ilizaliwa tarehe mosi mwezi wa saba.

"Mwambie basi," mdogo wake akasema huku akifuta machozi. "Atakosa pa kushika."

Mama Mnyoofu akaacha kucheka. "Simwambii. Nikimwambia atanitafutia nyota nyingine, nayo itakuwa na siku zake za kukosa akili. Ile kinga ni mbovu hata kama ningezaliwa kesho."

Kesho yake akapiga moyo konde, akaingia ofisini, akaweka kidole kwenye bango. "Nionyeshe siku ambazo mtu kama mimi anaruhusiwa kusema."

Meneja alifurahi. Aliona amepata mwanafunzi. Akaondoa siku saba za kuuzunguka mwezi mpevu na saba za mwezi mchanga. Akatoa na siku za mwezi nusu, kwa kuwa nazo zina mvutano. Toa na Jumapili. Zikabaki siku tisa katika mwezi mzima. Mama Mnyoofu akaziandika kiganjani kwa kalamu ya wino, mbele yake.

Siku ya kwanza kati ya hizo tisa, Meneja alikuwa tawi la pili. Siku ya pili, tawi la pili. Siku ya tatu alimkuta. Akasema maneno yaleyale ya Jumanne ile, hakuongeza wala kupunguza hata moja. Kinga haishiki. Mashine haisimami. Meneja akamsikiliza hadi mwisho, akaandika kwenye karatasi kwamba fundi aitwe wiki ijayo, kisha akaweka kalamu chini.

"Umeona leo ulivyosema vizuri? Ungekuja hivi tangu mwanzo, tusingechelewa."

Mama Mnyoofu alimeza jibu lake. Baadaye, kati ya yote aliyoyatenda na kutoyatenda, hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo zamu ya mashine mbovu ilikuwa ya Kicheko. Saa nne asubuhi. Shuka moja ya hospitali ilikuwa imechanika pindo, uzi wake mnene ukamzunguka Kicheko kifundo cha mkono, na rola zikavuta. Akaibamiza kinga kwa kifua. Kinga ikabonyea tu, rola zikaendelea. Mama Mnyoofu alizikimbia zile hatua sita, na kwa maisha yake yote hatua hazikuwahi kuwa ndefu vile. Swichi ilipozima, vidole viwili na kiganja vilikuwa vimekwisha kupita kwenye moto. Sauti iliyotoka kwa Kicheko hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia, na walidhani wanazijua sauti zake zote.

Ijumaa Meneja alishuka mwenyewe na fomu mkononi. Alitaka Mama Mnyoofu aweke sahihi kama shahidi. Alikuwa hajalala, ilionekana. Lakini fomu ilisema hivi: mfanyakazi alipoteza umakini kutokana na msongamano wa hisia katika kipindi chake.

Mama Mnyoofu aliisoma mara mbili.

"Kipindi gani?"

"Mama, jana kwa watu wa Mizani kulikuwa na—"

"Nyamaza."

Hajawahi kumwambia hivyo mkubwa wake. Hakupayuka. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya maneno yale, akaandika chini yake: Kinga ilikuwa mbovu. Nilisema mara tatu. Akaweka sahihi. Kisha akazima mashine yake, akavuta kreti la plastiki, akaketi. Mmoja baada ya mwingine, wapiga pasi wengine kumi na mmoja wakazima zao. Chumba ambacho hakijawahi kuwa kimya mchana kikawa kimya, shuka mbichi zikirundikana mlangoni.

Kabla ya adhuhuri hospitali ikapiga simu kuulizia shuka, na mzee mwenye kiwanda akaja mwenyewe na fimbo yake. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Nani amewakalisha?"

"Mimi, Mzee," Mama Mnyoofu akasema na kusimama.

Meneja akawahi. "Mzee, tumwelewe. Huyu mama ni Kaa, na kipindi hiki—"

"Kaa?" Mzee akamgeukia. "Kaa wa wapi?"

Hakuna aliyecheka. Aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa amelazwa hospitali. Mama Mnyoofu akaiwasha ile mashine mbovu, akamwomba mzee aisukume kinga kwa fimbo. Mzee akasukuma. Rola zikazunguka. Akasukuma tena, kwa nguvu, hadi fimbo ikapinda, na rola zikazunguka bila kujali. Akaishusha fimbo, akamgeukia Mama Mnyoofu.

"Tangu lini?"

"Tangu siku moja kabla ya mwezi mpevu, Mzee," akasema Mama Mnyoofu, na sasa sauti ilikuwa imepanda kwelikweli, wala hakuishusha. "Si huu uliopita. Ule wa kabla yake. Nilipanda ngazi zile nikaambiwa nina hasira. Nikapanda tena nikaambiwa nina hofu. Nikangoja siku niliyoruhusiwa, nikasifiwa kwa adabu. Mwenzangu ameungua kwa sababu watu walikuwa wanapima moyo wangu badala ya kupima mashine!"

Fundi umeme alifika saa nane. Alifungua kifuniko, akatoa swichi ndogo kama kidole gumba, imeungua ndani. Akatia nyingine aliyokuwa nayo mfukoni. Dakika arobaini, pamoja na kikombe cha chai.

Bango liliteremshwa siku hiyo, na Meneja akahamishiwa tawi la pili, asiwe tena msimamizi wa mashine. Kabla ya kuondoka alimfuata Mama Mnyoofu uani. Alikuwa amenyong'onyea, na pengine alikuja kwa nia njema.

"Mama, najua sasa hivi una hasira, na kwa kipindi hiki ni kawaida—" Akayasikia maneno yake mwenyewe, akaishia hapo.

"Nina hasira, ndiyo," Mama Mnyoofu akamjibu. "Nimezipata hapa kazini. Nenda salama."

Kicheko alikaa hospitali wiki tano. Mkono ulipona, ila vidole viwili havikunjiki. Akahamishiwa kaunta ya kupokea nguo, ambako anaandika majina ya wateja kwa mkono wa kushoto. Herufi zake bado zinaelemea upande mmoja, naye anapoharibu karatasi huichana na kuanza upya, huku wateja wakingoja, na hakuna anayethubutu kumwambia afanye haraka.