Nukta Iliyofagiwa

Mwanangu, ipo siku moja hainitoki kichwani hata leo. Niliingia nyumbani kwa dada yangu Spesioza, kule Kitanga, nikamkuta amempakata mwanawe mwenye homa, ameshika kikombe kidogo cha dawa ya maji.

"Mwidiwe, mtembezi!" alinisalimu kwa Kiha, akinitania. "Umetuletea nini, au umeleta miguu tu?" Kisha akatikisa chupa. "Lakini dawa za siku hizi, kaka! Kikombe hakitoshi, eti nijaze tena na tena. Chupa itakwisha leo leo."

Nikachukua karatasi ya maelekezo aliyopewa kwenye duka la dawa mjini Kasulu. Mililita 25. Kilichonigandisha zaidi ya namba hiyo ni herufi i: zote zilikuwa hazina nukta juu. Mungu wangu! Kazi ile niliijua. Ilikuwa yangu.

"Usimpe!" nilipiga kelele mpaka mtoto akaangua kilio.

"Una wazimu?"

"Ni mbili na nusu, dada! Mbili na nusu!"

Kikombe kilimponyoka, dawa ikamwagika mkekani.

Ngoja nikueleze. Shule niliiacha mapema, nikatangatanga Kibondo, Kakonko, Kasulu, nikigusa kila nilichokiona. Lakini mwenda bure si mkaa bure: kwa Mzee Sadiki, mwenye duka la uchapaji Kasulu, nikaokota kazi ya kompyuta. Pale kuna programu inayoandaa kazi kabla haijafika mtamboni. Unaitengenezea kiolezo, yaani mfuatano wa hatua. Kisha ukidondosha faili kwenye folda, hatua zinajiendesha zenyewe: kupanga kurasa, kuweka alama za kukatia, kutuma kwenye pleti, lile bamba la kuchapia. Na kiangazi cha Kasulu unakijua. Vumbi jekundu lilijaa hadi kwenye kioo cha skana, kila karatasi ikatoka na madoa. Nikaongeza hatua ya kufagia madoa. Sikuridhika, nikaikaza mpaka mwisho. Kalenda zikang'aa, nikasifiwa, nikakiita kiolezo changu "Safi", nikaaga nikaenda Kakonko. Miguu yangu haikujua kukaa.

Kiolezo kilibaki. Walionifuata wakakidondoshea kila kazi, na siku duka la dawa lilipoleta karatasi yake kuukuu iskaniwe, kikafagia kama nilivyokiagiza. 2.5 ikatoka 25. Mashine haikuasi, mwanangu. Ilitii.

Nilipanda pikipiki mpaka Kasulu. Mzee Sadiki aliisoma ile karatasi, akakaa juu ya marobota ya karatasi.

"Subhanallah. Watoto wa watu!"

Akatuma watu duka la dawa, msikitini na kanisani, watangaze karatasi zirudishwe. Mungu alitusitiri, hatukusikia mtoto aliyedhurika. Ndipo akanigeukia, sauti ya chini.

"Kijana, ulifagia vumbi au ulifagia macho yetu? Mashine haijui nukta wala vumbi. Wewe unajua. Mbona ulimwachia asiyejua, ukaenda zako?"

Nilikifungua kiolezo mbele ya wote, nikailegeza hatua ile, nikaweka nyingine: kazi isimame, imsubiri mtu aisome na karatasi ya mteja pembeni, ndipo iende kwenye pleti. Vijana walilalamika kwamba inawachelewesha. Mzee akawaambia waende Kitanga wakamlalamikie Spesioza.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Ukiachia kitu kijiendeshe, usikiachie kijisimamie. Ukirithi kiolezo cha mtu, kifungue hatua kwa hatua kabla hujakikabidhi kazi, hata kama jina lake ni tamu. Na ukiondoka, mwambie unayemwachia umeweka nini ndani, na kwa nini. Kidole kimoja hakivunji chawa: mashine ni kimoja, jicho lako ni cha pili.

Kutembea sikukatazi, dunia ni pana na mimi nimeila kwa miguu. Mungu akujalie kazi ya mikono yako isimame vyema hata usipokuwepo. Na siku itakapoyumba, akurudishe kama alivyonirudisha mimi, kabla kikombe hakijafika mdomoni.