Nivuke uwanja siku ya mechi, ao nimuache mume wangu arudi mu goli?

(Jina ya huyu mama tumeificha. Munaosoma, mumujibu kwa upole.)

Wapapa na wamama wa ukurasa huu, miye niko mwanamuke wa miaka makumi mbili na ine, muzaliwa wa Burungu kule Masisi. Sasa tunaishi huku Walikale mu kambi ya kampuni moja ya kuchimbua mawe. Niko na mutoto moja, nimuite Riziki, na tumbo ingine inakuja. Mume wangu njo kipa wa ekipe ya mupira ya kampuni. Si kucheza kwa kujifurahisha, hapana! Walimutoa mu shamba ya maharagi ya baba yake juu ya ile mikono yake, wakamupa mushahara na nyumba ya mabati. Na miye naogopa, wandugu.

Ilianza siku walicheza na ekipe ya upande wa Mpofi. Mupira ilipigwa kona, mume wangu akaruka, akaishika, halafu kichwa yake ikagonga muti wa goli. Goli za huku ni miti ya pori, minene, haina huruma. Ile mulio niliisikia ata pale nilisimama na wanawake. Akalala macho wazi, mikono imekauka. Nikapiga kelele, nani atanisikia? Mu mupira ya kampuni za huku, muntu akiumia hakuna kumuweka mwingine pa nafasi yake. Akitoka, munabaki kumi. Basi mukubwa wa ekipe akaleta ndoo ya maji ya baridi, akamumwangia yote mu kichwa, akamupiga makofi mu mashavu: "Simama, wewe ni mwanaume!" Akasimama. Akarudi mu goli anayumba, na ajabu, akashika kila kitu. Tukashinda, wakamubeba juu wakiimba jina yake.

Mu kamyo ya kurudi akanigeukia: "Mama Riziki, mechi inaanza saa ngapi?" Kamyo yote ikacheka. Walizani anafanya mazaha, na miye nikacheka pamoja nao. Kisha akauliza tena, kwa sauti ile ile, na uso haukuwa wa mazaha. Pale njo niliacha kucheka.

Tangu siku ile naishi na muntu mwingine. Anatapika asubuhi kama njo yeye iko na mimba. Jua inamuumiza macho, anafunga dirisha, Riziki akilia anaziba masikio. Juzi alitoka kutafuta mbuzi za mama yake. Mbuzi gani? Mama yake alikufwa mbele hatujaoana! Nilimushika mukono pale njiani, nikamurudisha polepole, majirani wanatuangalia.

Nilimupeleka kwa muganga wa dispensari ya kambi. Akamuangalia macho, akamutembeza, akanivuta pembeni: "Mama, huyu asicheze. Kichwa bado haijapona. Akigongwa tena, anaweza kulala na asiamuke." Nikamushukuru mupaka nikapiga magoti. Sasa sikieni: mukubwa wa ekipe alipokuja kumuuliza, yule muganga akaangalia viatu vyake, akasema, "Anaendelea vizuri." Kampuni njo inamulisha yeye pia. Aksanti sana, muganga!

Nikaenda mwenyewe kwa mukubwa. Nikamuambia, "Papa, mume wangu haiko muzima. Akifwa mu goli yenu, nani atajibu?" Akacheka. "Mama Riziki, wewe unataka tu bwana alale nyumbani. Mupira ni kazi ya wanaume." Na mume wangu, nikimuomba, anakasirika: "Wakinitoa mu ekipe, hii nyumba tunaihama kesho. Utanirudisha Burungu kulima na kichwa hii?" Anasema vile huku anashika ukuta asianguke.

Mechi kubwa iko mwisho wa mwezi, na gazeti yenu inafika huku na kamyo ya Bukavu, kwa hiyo mujibu mbio. Wachezaji watafungiwa mu nyumba ya kampuni mbele ya mechi, wote pamoja, bila wabibi. Njo desturi yao. Sitamuona tena mupaka atoke na kuingia mu goli.

Lakini desturi ingine iko, na iyo njo inaninyima usingizi. Mwanamuke akivuka uwanja siku ya mechi, wanasema amefunga goli kwa uchawi, mupira haitaingia tena, na wachezaji wanakataa kucheza. Hawabishani. Mama moja muuza ndizi alipita katikati bila kujua, akitafuta njia ya mukato. Mechi ikavunjika papo hapo. Watu wakamurushia matope, na kesho yake alipakia vyombo vyake, wakafukuzwa mu kambi, yeye na bwana yake na watoto.

Nikivuka, hakuna mechi. Hakuna mechi, hakuna muti wa goli. Lakini tutafukuzwa na tumbo hii, na mume wangu anaweza kunichukia mupaka kaburini, maana hata yeye anaiamini ile desturi. Nikibaki pembeni na wanawake wengine, nitakuwa namuangalia anaruka.

Leo asubuhi nilikuwa napeta maharagi. Akakaa karibu yangu, mupole kabisa, akachukua mukono yangu. Nikafikiri, Mungu wangu, amerudi. Akaniuliza, "Mama Riziki, mechi inaanza saa ngapi?"

Nikamuambia bado, Papa Riziki, bado kidogo.

Ninyi munaonisoma, wamama wenye bwana na wapapa wenye bibi, muniambie bila kunificha: siku ile nivuke?