Ndune Alipoishiwa Damu

Nilipokuwa mtoto kule Matinyani, ilijulikana kwamba kuna macho yanayokunywa damu ya ng'ombe. Mwenye macho hayo hana nia mbaya, susu alitueleza, na susu kwetu ni nyanya. Yeye husifu tu, mnyama akaanza kunyauka. Dawa yake ni mwenye macho aje amtemee mnyama mate.

Kiangazi kimoja cha miaka ya sabini, Ndune, ng'ombe wetu wa pekee, alianza kulegea. Maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wangu Musyoka, maana ya mama yalikuwa yamekatika. Susu aliivuta kope ya chini ya Ndune, nasi tukachungulia. Ndani palikuwa peupe kama ugali. Fizi vilevile.

"Nani alimsifu?" susu akauliza.

Mama hakutaka kujibu. Aliyemsifu alikuwa rafiki yake, Mama Nduku, jirani aliyemzalisha Musyoka kwa mikono yake. Alisema kisimani, watu wakisikia, kwamba Ndune amependeza.

Basi Ndune akafungiwa zizini, tukaziba kwa miiba asionwe na mtu. Alikula mabua makavu ya mahindi, basi. Ng'ombe wa wenzetu waliendelea kushuka mtoni kulamba udongo wa chumvi na kutafuna majani machache ya kingoni. Hata leo nikifika hapo roho inaniuma. Tulimnyima kilichokuwa kimebaki, na tulifanya hivyo kwa mapenzi.

Ndune alipozidiwa, mama alienda kwa rafiki yake, Musyoka mgongoni, mimi nyuma.

"Mama Nduku, kuja tu uteme. Hii maneno iishe."

"Nikitema, si nitakuwa nimekubali ni mimi?"

Mama Nduku akamtazama Musyoka, shingo ilivyomlegea.

"Haya, nitatema. Huyu mtoto anywe."

Alitema kwenye paji la Ndune mbele ya majirani, machozi yakimtiririka. Ndune alikufa wiki hiyohiyo. Watu wakasema ametema kwa mdomo tu, moyo umekataa.

Mama alipopeleka ngozi ya Ndune sokoni Kabati, daktari wa mifugo alimuuliza ng'ombe alikuwa akila nini. Akamweleza kwamba damu hutengenezwa ndani ya mifupa, na haiwezi kutengenezwa bila chuma, shaba na madini mengine ambayo mnyama huyapata kwenye majani na udongo. Mabua makavu peke yake hayakumtosha.

Mama alirudi karibu anakimbia, akapitia kwa Mama Nduku kabla ya kufika nyumbani, Musyoka bado mgongoni. Akamweleza yote. Yule mama hakuinua uso.

"Pengine ni hivyo," alisema. "Lakini nilimsifu, na akakufa. Usilete huyo mtoto hapa tena."

Musyoka alinusurika kwa uji. Lakini Mama Nduku hakumtazama mtoto yeyote tena. Binti yake Nduku alipojifungua, yeye alikaa nje, mgongo mlangoni, akauliza tu mtoto anafanana na nani.

Mama aliendelea kwenda kumweleza habari za madini mpaka uzee ukamzuia. Mama Nduku alimsikiliza kila mara kwa heshima, macho chini. Zamani nilidhani mtu akielezwa vizuri atapona. Siku hizi sidhani hivyo.