Kichuguu cha Vichwa Viwili

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipokaa mezani nikicheza mchezo nilioutunga mwenyewe, huku nikimwomba Mungu usiishe. Jana ulinitambulisha kwa rafiki zako kuwa mimi ni mzee wa michezo, nikavimba kichwa kidogo, sikatai. Halafu ukanionyesha mchezo wako kwenye simu. Ni mzuri. Lakini mle ndani nimemwona mwanamke anayelia jikoni kwa sababu mumewe harudi kula, na yule mwanamke namjua, nimekula chakula chake. Nilipokuuliza kama mkeo ameuona, ulicheka. Basi kaa hapa nikueleze kwa nini mimi sikucheka.

Wakati ule nilikuwa kijana, mchoraji ramani katika ofisi moja hapa Lubumbashi. Ilikuwa miaka ya chama kimoja. Tulivaa abakosti, yale makoti yasiyo na tai, tukaitana citoyen, yaani raia, na kila Jumamosi asubuhi tulitoka na majembe kufanya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Ofisini nilichora mashimo ya shaba. Nyumbani nilichora michezo. Mmoja niliupenda kuliko yote. Ulichezwa juu ya ubao, kwa dadu, kila mtu na mawe yake mawili. Unayatoa shimoni, unayapeleka kwa njia ndefu mpaka tanuruni. Wa kwanza kuingiza yote mawili ndiye mshindi. Ukitua juu ya jiwe la mwenzako, lake linarudi shimoni. Na tanuruni huingii ila kwa namba kamili: zikibaki hatua tatu, ni tatu tu itakayokuingiza. Kanuni hiyo watu waliilalamikia mno, wakasema mimi Ilunga nina roho mbaya.

Lakini mchezo ulikuwa umelala. Niliupeleka baa, watu wakaucheza mara moja, wakaomba karata zao. Iliniuma kama mtu aliyetukaniwa mtoto.

Sasa, mke wangu Ngalula, ambaye watu wake walitoka Kasai, alikuwa na kaka yake aitwaye Kabeya, mchuuzi, mcheshi, mlaji wa kwetu kila Jumapili. Unga ulikuwa adimu mjini. Kabeya alikuwa akiuvusha kutoka Zambia, kwa upande wa Mokambo, bila karatasi yoyote. Askari wa mpaka walikuwa wakiwakamata watu wa namna hiyo, na wengine hawakurudi kama walivyokwenda. Jumapili moja, tonge la bukari, ugali wetu, mkononi, akatueleza njia yake. Unaacha barabara kuu kwenye kichuguu chenye vichwa viwili. Unapita kando ya shamba la muhogo la mama mmoja mzee. Mama huyo akianika kitenge cha buluu, njia ni nyeupe. Asipokianika, unalala majanini na kusubiri.

Alisimulia hata nikasahau kutafuna. Ngalula akanitazama, akaijua sura yangu.

"Baba Mwamba," akaniambia, maana mtoto wetu wa kwanza aliitwa Mwamba, "hii maneno inabakia hapa ku meza. Unasikia?"

"Nasikia," nikajibu.

Na nilisikia, mwanangu. Ningekuwa sikusikia ningejisamehe zamani. Alasiri ileile, Kabeya hajafika hata kwake, nilikuwa nimeinama juu ya karatasi nikiichora njia ya mkato: kichuguu, shamba, kitenge. Mchezaji aliyechoka na njia ndefu aliweza kupita pale na kuruka hatua nyingi, ila akitua kwenye shamba wakati kitenge hakipo, anakaa zamu mbili bila kutupa dadu. Ghafla mchezo ukaamka. Niliujaribu peke yangu, nikarudia tena na tena.

Mzee Kapenda, seremala aliyekuwa akinichongea mbao, aliutazama mchoro kwa muda mrefu. "Hii kichuguu," akauliza, "mwenyewe anajua kama unamuchonga?" Nikamwambia kichuguu hakina mwenyewe. Akaniambia, "Kila njia iko na mwenyewe, mwana. Ni ule mwenye kuipita." Nikacheka, kama ulivyocheka wewe jana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nani akiwa kijana huamini ana miguu ya kuvunjika?

Mchezo ulienea. Baa kwa baa, watu walipiga kelele mtu alipoingia njia ya kichuguu. Nilikuwa nikipita nje nasikia kelele hizo, na utamu wake siwezi kukueleza, ingawa wewe utaujua. Kabeya mwenyewe hakuwa mtu wa baa, na Ngalula vilevile. Nilijiambia nitawaeleza siku moja.

Ndipo ikafika Jumamosi yenyewe. Asubuhi Kabeya alipita kutuaga, akapanda lori la Mokambo. Alikuwa alale kule kwa rafiki yake, kisha avuke alfajiri. Tulipotoka salongo, kama saa saba mchana, Citoyen Kasongo akaingia kwetu. Huyu alikuwa mkubwa wa chama mtaani. Kwapani alikuwa na ubao wangu.

"Citoyen Ilunga, hii muchezo yako iko muzuri kabisa," akasema akikaa. "Bantu bote banaicheza. Tutaiweka ku feti ya chama, mbele ya bakubwa, na jina yako juu."

Mwanangu, nilifurahi. Nakuambia kweli ili unijue: kwa muda wa kufumba jicho, nilifurahi. Halafu akaweka kidole juu ya kichuguu.

"Ndugu yangu iko askari ku Mokambo. Alikuya wiki hii, akaona ubao, akashangaa. Anasema hii kichuguu iko kweli, na vichwa yake mbili. Ni nani alikuonyesha?"

"Hapana muntu, citoyen. Ni kichwa yangu njo ilitoa."

"Ah bon. Kichwa yako iko na macho."

Ngalula alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya karanga. Hakuwahi kuuona ubao ule. Akauona sasa: kichuguu, shamba, kitenge nilichokipaka buluu safi kabisa, maana nilitaka kipendeze. Akaweka sahani mezani polepole. Hakunitazama.

"Saa kumi ndugu yangu anakuwa ku fonie," Kasongo akaendelea kwa sauti ya kirafiki. Fonie ni ile redio ya kuongea na watu wa mbali, na moja ilikuwa katika ofisi yao, mwendo wa robo saa kutoka kwetu. Kituo cha Mokambo kilisikiliza saa kumi kamili, kwa dakika chache tu, mara moja kwa siku. "Nitamuambia akalale pale ku kichuguu, tuone ni nani atapita kesho. Ila wakati iko. Tucheze, unionyeshe ufundi yako."

Ngalula akaingia chumbani, akatoka na mtoto mgongoni. "Minapeleka Mwamba kwa kambo yake," akasema. Kambo ni nyanya, na nyumba ya mama yake Ngalula haikuwa mbali, na jua lilikuwa kali. Lakini niliona amebeba sweta yake nzito ya baridi. Nikajua anakwenda kutafuta lori la Mokambo.

Nilibaki na ubao, dadu, na yule bwana. Lori lingefika, pengine jioni, pengine baadaye, kama lingepatikana. Ujumbe wa fonie ungefika kwa dakika moja. Kama ningeweza kumweka Kasongo kitini mpaka saa kumi ipite, Ngalula angemkuta kaka yake kabla hajavuka. Kama ningeshindwa, shemeji yangu angetembea alfajiri kuelekea kwenye bunduki, kwa njia niliyoichora mimi.

Hapo nikafanya kazi yangu, mwanangu. Kwa miaka nilikuwa nimewatazama watu wakicheza, na jambo moja nilikuwa nimelijua: anayeshindwa vibaya huinuka, na aliyeshinda huinuka. Asiyeinuka ni yule anayeona ushindi uko karibu. Basi nikamweka Kasongo karibu. Nilipopata namba ya kumrudisha shimoni, nikasogeza jiwe jingine. Nilipopata namba ya kuingia tanuruni, nikajifanya sikuiona. Jasho lilinitoka mgongoni, na shati likashika kiti. Saa nane ikapita. Saa tisa. Alikula karanga, akanieleza habari za feti, ile sherehe ya chama, akatupa dadu akitafuta tatu yake, na kanuni yangu ya roho mbaya ikamnyima tatu hiyo mara sita, mara saba.

Saa tisa na nusu akaipata. Jiwe lake la kwanza likaingia, akapiga meza. La pili lilikuwa limebakiza hatua tano. Akatazama saa ya mkononi. "Nikimaliza hii, naenda," akasema.

Nikatupa dadu. Ikaja mbili, na jiwe langu lilikuwa hatua mbili nyuma yake. Nikimwacha, anaweza kupata tano na kuinuka. Nikimrudisha shimoni, anaweza kukasirika na kuinuka vilevile. Mkono wangu ulikaa juu ya jiwe, sijui kwa muda gani. Nikamrudisha.

Uso wake ukakunjamana. Akasukuma kiti. Na mimi, kwa sauti ambayo hata leo siipendi, nikasema, "Citoyen, na njia ya mukato? Ukipita ku kichuguu, bado unanishinda."

Akautazama ubao. Akatazama saa. Akakaa.

Alipita kichuguuni kwa furaha ya mtoto. Alipita shambani, kitenge kikiwepo. Alikuwa akitikisa dadu kwa mikono miwili, akiita namba, king'ora cha mgodi kilipolia kuingiza zamu ya saa kumi. Mikono yake ikasimama. Akaitazama sahani aliyoiweka Ngalula mezani, akautazama mlango.

"Bibi yako hajarudi," akasema.

"Bado, citoyen."

"Uliichonga muzuri, hii muchezo." Akauchukua ubao, akatoka.

Jumatatu niliitwa. Nilikaa kwenye benchi ya ofisi yao kutwa nzima, nikaulizwa na huyu na yule, nikashikilia kwamba kichuguu nilikiota. Mbao zote zikakusanywa na kuchomwa, na habari ya feti ikafa hapo. Lakini Kabeya hakukamatwa. Ngalula alimkuta kwa yule rafiki yake kabla hakujapambazuka. Kabeya akavuka kwa njia nyingine, akabaki Zambia, kwa sababu hakujua tena nani anamjua. Alibaki miaka sita. Mama yake akafa, tukamzika, na mwanawe wa kiume hakuwepo kutupa udongo.

Kabla mama huyo hajafa, nilimpelekea mbuzi, kama inavyompasa mkwe aliyewakosea wakwe zake. Alimpokea mbuzi. Mimi hakunikaribisha ndani. Ngalula hakuniacha, naye hakunigombeza. Aliniambia mara moja tu: "Nilikuambia ku meza, ukaitika." Nilikwenda kwa Mzee Kapenda nikilia. Aliniacha nilie nimalize, akasema, "Miye ninapima ubao kabla ya kukata. Bantu bako, uliwapima?" Akarudi kwenye randa yake.

Adhabu yenyewe, mwanangu, haikuwa benchi wala mbao zilizochomwa. Kwa miaka ile yote, nilipoingia kwenye mlo wa wakwe zangu, watu waliokuwa wakicheka walianza kuongea habari za mvua. Walinipa nyama nzuri, wakaniwekea kiti, wakaniuliza kama kwetu imenyesha. Nyumba ya watu wa hadithi ikawa bubu kwa ajili yangu. Nilikuwa na njaa ya neno moja tu la kweli, silipati.

Kabeya aliporudi, mvi kichwani, alikuja kula kwetu Jumapili. Tulikula kimya. Mwisho akanawa mikono, akaanza kusimulia jinsi alivyokutana na chui barabarani kule Zambia akadhani ni mbwa wa mtu, na alipomtambua akalia akimwita mama yake. Ngalula alicheka mpaka akashika meza. Kabeya akanigeukia, akasema, "Shemeki, hii unaweza kuchora."

Nikamuuliza, "Na pale ulipolia ukiita mama yako, napo?"

Akafikiri. "Pale, hapana."

Basi sikupachora. Mchezo wa chui ndio ule mliocheza nyote hapa mtaani mkiwa wadogo, na sasa unajua kwa nini katikati yake kuna mahali peupe.

Nasaha yangu ni hii. Tunga bila woga, kwa maana kazi yetu haina utamu pasipo ukweli, na ukweli tunautoa kwa watu tunaokula nao. Lakini uliza kabla hujachora. Uliza kwa mdomo wako, ungoje jibu, na ukiambiwa hapana, acha mahali peupe. Fundi mzuri hashindwi na tundu moja. Leo, kabla hujampelekea mtu mwingine simu yako, nenda kwa mkeo, mwonyeshe yule mwanamke wa jikoni, unyamaze, umsikilize. Na baada ya hapo ule chakula chake kikiwa bado cha moto.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mikono isiyochoka na kichwa kisichokauka. Akupe mzee wa kukukemea mapema kuliko nilivyokemewa mimi. Na siku zako zote akupe meza ambayo watu wakikuona unaingia, hawaanzi kuongea habari za mvua.